Waya Upitao Juu ya Shamba la Jirani

Nataka tufikiri pamoja juu ya swali ambalo halikuandikwa katika Katekisimo, lakini linagusa amri zaidi ya moja. Umeme unapozalishwa mbali, ukapita juu ya shamba la mtu bila kushuka nyumbani kwake, na mwisho ukawaka nyumbani kwangu, mimi niliyewashiwa taa nadaiwa nini na mtu yule? Tumezoea kusema kwamba deni letu ni luku tu. Nikinunua uniti zangu nimemaliza, sidaiwi na mtu. Je, ni kweli nimemaliza?

Hapa Somanda swali hili si la darasani. Kwa miaka mingi mkoa wetu wa Simiyu umekaa mwisho wa waya. Umeme umekuwa ukitufikia kwa laini ndefu za msongo wa kilovolti 33 kutoka mikoa jirani, na kila mwenye mashine ya kusaga au ya kuchomelea anajua maana ya kukaa mwisho wa waya: jioni taa inakuwa nyekundu kama kaa linalokaribia kuzimika, na mota inanguruma bila kuzunguka. Ndiyo maana ukaja mradi wa laini ya kilovolti 220 kutoka Ibadakuli, Shinyanga, hadi Imalilo hapa Bariadi, zaidi ya kilomita 100, pamoja na kituo cha kupoza umeme. Nimesikia watu wakisema kwamba minara ile mikubwa ni fahari ya Serikali tu, kwa kuwa nguzo za miti zilitosha. Hazikutosha. Umeme unaposafiri hupoteza nguvu njiani kwa njia ya joto, na upotevu huo hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo. Ukipandisha msongo mara kumi, mkondo unaohitajika kubeba nguvu ile ile unashuka hadi sehemu ya kumi, na upotevu unashuka hadi sehemu ya mia. Kutoka kilovolti 33 kwenda 220, kwa waya ule ule na mzigo ule ule, upotevu unapungua zaidi ya mara 40. Minara ni mirefu kwa sababu msongo mkubwa hautaki kukaribiwa na kitu chochote: mti, paa wala mtoto mwenye fimbo ya kuchungia.

Sasa tazama umeme huo unatoka wapi. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingiza umeme katika gridi ya Taifa mwaka 2024, na mwaka uliofuata yote tisa ilikuwa tayari. Kutoka Rufiji umeme unakwenda Chalinze. Kutoka Iringa, kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, kuna uti wa mgongo wa gridi yetu, laini ya kilovolti 400 yenye urefu wa kilomita zipatazo 670. Ukiwasha taa ya madhabahuni hapa Bariadi, huwezi kusema ni tone lipi la maji ya Rufiji, au ni gesi ipi ya kusini, iliyoiwasha. Vyote vimechanganyika kama maziwa ya ng'ombe wengi katika kibuyu kimoja. Lakini waya wenyewe unajulikana ulipopita. Umepita Wagogo, Wanyaturu, Wanyiramba na Wasukuma, katika mashamba ya mtama na uwele, katika malisho, na katika ngitili ambazo wazee wetu walizitenga ili ng'ombe wasife wakati wa kiangazi.

Luther, alipoeleza ombi la mkate wa kila siku katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuishia kwenye mkate. Aliorodhesha nyumba, shamba, mifugo, watawala wema, amani, hali nzuri ya hewa, na mwishoni akaweka majirani waaminifu. Nadhani angeishi Bariadi leo angeuongeza umeme. Wodi ya wazazi inauhitaji usiku, kiwanda cha kuchambua pamba kinauhitaji msimu wote, na binti wa kidato cha nne anauhitaji baada ya kuosha vyombo. Hivyo sina shaka kwamba umeme ni mkate wa kila siku, na kuuomba ni halali. Ninachouliza ni kuhusu wale majirani ambao Luther amewaweka katika orodha ile ile. Zamani jirani alikuwa mtu ambaye moshi wa jiko lake unauona. Waya umenipa majirani ambao sitawaona maisha yangu yote.

Mwezi Machi 2025, akiwa Mwanga mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia, kupitia Kenya, kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Sababu aliyoitoa ni kwamba umeme unaozalishwa kusini mashariki hupotea mwingi ukipelekwa kaskazini, na hasara yake aliitaja kuwa takriban shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Wananchi wengi walikasirika. Tumejenga bwawa kubwa kwa fedha zetu, tena lenye jina la Baba wa Taifa, halafu tununue kwa jirani? Na Ethiopia si mbali kuliko Rufiji?

Hasira ile naielewa, lakini siikubali. Kwanza, umbali peke yake hausemi kitu. Laini inayotoka Wolayta Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya, ni ya mkondo mnyoofu wa kilovolti 500, ina urefu wa kilomita 1,045 na inaweza kubeba megawati 2,000; laini za namna hiyo hupoteza kidogo sana hata zikiwa ndefu. Kutoka Kenya, laini ya kilovolti 400 ya Isinya, Arusha hadi Singida ilikwisha kuunganisha nchi zetu mbili. Pili, na hili ndilo la imani, Maandiko hayaoni aibu katika kununua kwa jirani. Sulemani alipojenga nyumba ya Bwana hakukata miti ya kwake. Alimwandikia Hiramu mfalme wa Tiro, akapewa mierezi na miberoshi ya Lebanoni iliyoelea baharini kwa mafungu, naye akampa Hiramu ngano na mafuta (1 Wafalme 5). Nyumba takatifu kuliko zote ilisimama kwa mbao za watu wasiomwabudu Mungu wa Israeli. Mataifa ya eneo letu yaliunda mfuko wa pamoja wa umeme wa Afrika Mashariki mwaka 2005, wenye makao yake Addis Ababa, kwa mawazo hayo hayo: wewe ukiwa na mvua, mimi nina ukame, kesho inageuka. Na dunia inayotaka kuacha makaa ya mawe na mafuta haiwezi kukwepa waya mrefu, kwa sababu jua na upepo haviko mahali pamoja kwa wakati mmoja. Uchina imejenga laini moja ya zaidi ya kilomita 3,000, kutoka Xinjiang hadi Anhui. Mtu akisema ipo siku jua la jangwa la nchi moja litapika chai ya usiku ya nchi nyingine, asichekwe.

Lakini sura ile ile ya Wafalme inaendelea, na hapo ndipo wahubiri wengi tunaporuka. Ili mierezi ishuke, Sulemani alitoza shokoa. Watu 30,000 walipelekwa Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi. Mbao zimeandikwa, hesabu ya ngano imeandikwa, na Hiramu akafurahi. Walioubeba mzigo hawakuulizwa. Zikapita sura chache tu, Sulemani akafa, na makabila ya kaskazini yakamjia Rehoboamu yakiomba nira ipunguzwe. Mfalme aliwajibu vibaya, kisha akamtuma kwao msimamizi wa shokoa mwenyewe, nao wakampiga mawe akafa (1 Wafalme 12). Biblia inasema lilikuwepo neno la Mungu lililopaswa kutimia, na pia kwamba moyo wa Sulemani uligeukia miungu mingine. Sikatai. Lakini watu wenyewe waliposimama mbele ya mfalme hawakutaja sanamu, walitaja nira. Mapatano mazuri kati ya wafalme wawili yalivunja ufalme kwa sababu ya watu wa katikati.

Mfano wa siku zetu uko magharibi kwetu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1982 ilikamilika laini ya mkondo mnyoofu kutoka maporomoko ya Inga, karibu na mdomo wa mto Kongo, hadi Kolwezi katika Katanga. Urefu wake ni kama kilomita 1,700, na kwa wakati wake ilikuwa miongoni mwa laini ndefu kuliko zote duniani. Kazi yake ilikuwa kuendesha migodi ya shaba. Katanga ilikuwa imejitenga mwaka 1960 na kurudishwa 1963, na wengi wanaoandika juu ya utawala wa Mobutu wanasema waya ule ulikuwa pia kamba ya kulifunga jimbo lile na Kinshasa. Vyovyote ilivyokuwa, waya ulikatiza nchi nzima, na vijiji vilivyo chini yake vikabaki gizani. Watoto walizaliwa, wakasoma kwa koroboi, wakaoa na kuwa babu na bibi, na juu yao unapita umeme wa kuyeyusha shaba. Baadaye watu waling'oa vyuma vya minara ile. Huo ni wizi, na amri ya saba haina mlango wa nyuma. Lakini nikisoma mfano wa tajiri na Lazaro (Luka 16) naona kwamba yule tajiri hashitakiwi kwa kumpiga Lazaro wala kumwibia. Kosa lake ni kwamba mtu alilala langoni pake naye akawa anapita. Lango la waya wa Inga lilikuwa na urefu wa kilomita 1,700.

Hapa lazima niwe mkweli kwa wahandisi, maana sisi wachungaji ni wepesi wa kulaumu vitu tusivyovijua. Mzee mmoja wa usharika aliniambia, "Mchungaji, hiyo ni barabara ya lami isiyo na kituo cha basi. Si wangeweka kituo kimoja tu hapa kwetu?" Haiwezekani hivyo. Umeme wa kilovolti 220 au 400 haushushwi kwa transfoma ya juu ya nguzo kama ile iliyoko sokoni. Unahitaji kituo kizima cha kupoza, chenye mitambo, uzio na walinzi, na gharama yake ni ya mabilioni. Mkondo mnyoofu ni mgumu zaidi, kwa sababu ni lazima kwanza ugeuzwe kuwa mkondo geu. Ukitoboa laini kubwa kila kijiji inapopita, hutakuwa na laini kubwa tena. Kwa hiyo mtu akisema haki ni kila aliye chini ya waya achote katika waya ule, anaahidi kitu ambacho hakipo.

Basi haki ni nini? Mimi naipata kwa ng'ombe. Torati inakataza kumfunga kinywa ng'ombe anapopura nafaka (Kumbukumbu la Torati 25:4), na Paulo anaichukua amri hiyo kuwahusu wanadamu (1 Wakorintho 9). Msukuma haihitaji tafsiri ya amri hii. Aliyelima kwa plau anajua kwamba ng'ombe wa kazi halishwi kama ng'ombe wa kawaida. Angalia amri inavyosema na isivyosema. Haimpi ng'ombe ghala. Inasema kwamba yule ambaye nafaka inapatikana kwa kazi yake, ale katika nafaka hiyo hiyo, wakati huo huo wa kupura. Hauambiwi umlipe mwakani kwa pumba za mahali pengine. Kwa lugha ya umeme: kijiji kinachotoa ardhi ya mkuza kihesabiwe ndani ya mradi ule ule, katika bajeti ile ile, kipelekewe laini ndogo kutoka kituo kilicho karibu, hata kama kituo hicho kiko kilomita 40. Umeme wake utakuja kwa njia ya kuzunguka, lakini utakuja pamoja na minara. Jambo baya ni mradi mmoja wenye fedha unaobeba waya mkubwa, na kijiji kuachiwa mradi mwingine utakaokuja fedha zikipatikana.

Ni haki kusema kwamba nchi yetu haikuifuata njia ya Mobutu. Sheria ya Nishati Vijijini ilitungwa mwaka 2005, Wakala ukaanza kazi miaka miwili baadaye, na umeme umefikishwa karibu kila kijiji kati ya vijiji 12,318 vya Tanzania Bara. Kuunganishiwa vijijini kumepangiwa bei ya shilingi 27,000, ambayo ni ndogo kuliko bei ya mbuzi. Ni kazi kubwa, na asiyeishukuru ni mtovu wa shukrani. Lakini kijiji kufikiwa maana yake ni nguzo zimefika senta, penye shule, zahanati na duka la soda. Kitongoji kilicho kilomita nne ndani kinaitwa kimefikiwa kwenye taarifa. Mara nyingi ndicho ambacho mnara unasimama, kwa sababu wapima njia hukwepa senta, ambako fidia ya nyumba ni kubwa, na kufuata mashamba na malisho ya walio pembezoni. Hakuna ubaya wa makusudi katika hilo. Ni hesabu nzuri ya gharama. Ila matokeo yake ni kwamba waya huwafuata walio mbali na taa.

Wapo watakaonijibu kwamba ekari mbili za mtu mmoja si kitu mbele ya mkoa mzima. Hospitali, viwanda na shule vinangoja, na taifa haliwezi kusimama kwa ajili ya mtu na mihogo yake. Hoja hii ina nguvu, na mara nyingi ni kweli kwamba njia lazima ipite. Naomba tu tukumbuke kwamba aliyewahi kuisema kwa ufasaha kuliko wote ni Kayafa (Yohana 11). Tofauti kati ya sadaka na dhuluma haiko katika ukubwa wa kinachotolewa. Iko katika kumwuliza mtu, na katika kumtendea baadaye kama aliyetoa, siyo kama kizuizi kilichoondolewa. Luther alifundisha kwamba amri ya saba haitimizwi kwa kutokunyang'anya tu, bali kwa kumsaidia jirani aitunze na kuistawisha mali yake. Nikiwa na taa kwa sababu ya ekari zake mbili, kazi hiyo ya kumsaidia imenihusu.

Wengine, hasa vijana, wanasema tuachane na waya kabisa, kila mtu aweke sola kwenye bati lake. Sola ni baraka, na hapa kwetu imewatoa wengi kwenye koroboi. Lakini paneli ya kuchaji simu haiendeshi kinu cha pamba wala chumba cha upasuaji, na mwenye betri kubwa ni mwenye fedha. Sola ya kila mtu peke yake inaweza kuwa njia nzuri ya kutodaiana kitu. Sina hakika kwamba Mungu alituumba tusidaiane. Halafu jua letu lenyewe limeanza kuhitajiwa na wengine: Kishapu, jirani zetu wa Shinyanga, ndipo panapojengwa mtambo mkubwa wa kwanza wa umeme wa jua wa gridi ya Taifa, megawati 50 kwa kuanzia na 150 utakapokamilika. Usukuma, uliozoea kuwa mwisho wa waya, unaanza kuwa chanzo chake, na mashamba ya watu wetu yatakuwa njia ya taa za wengine.

Kwa hiyo swali la fidia litatukuta nyumbani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Maneno hayo matatu ni mazuri kuliko hotuba nyingi nilizozisikia, lakini hayajitekelezi yenyewe. Fidia ikichelewa, bei ya ekari nyingine inapanda na mtu ananunua nusu ya alichopoteza. Ardhi ya mkuza inabaki machoni pake, haendi popote, ila hawezi kujenga wala kupanda mwembe. Na lipo jambo la ndani zaidi ambalo sisi wachungaji tunaliona kuliko wahandisi. Shamba la pamba linaweza kuwa la mume, lakini kipande cha viazi na karanga kinachoilisha nyumba ni cha mke, na kwenye fomu vyote vinaandikwa jina moja. Fedha inaingia kwa jina hilo. Nimeona fidia ikigeuka pikipiki, na pikipiki ikigeuka ugomvi, na mwanamke akabaki na watoto bila kile kipande. Tukizungumzia haki ya aliye chini ya waya, tuwe tumejua kwamba chini ya waya kuna watu wawili.

Sharika zetu haziwezi kuchora njia ya laini, wala hazipaswi kujifanya zinajua umeme. Lakini mthamini anapokuja kijijini huja na fomu, kamera na haraka, na mwenye shamba hupigwa picha akiwa ameshika kibao chenye namba kabla hajaelewa ni namba ya nini. Katika karibu kila mtaa wetu yupo mwalimu mstaafu au mzee wa kanisa anayeweza kuisoma fomu ile. Akae na mume na mke, wote wawili, siku moja kabla. Waulize ni mita ngapi zinachukuliwa, ni majina ya nani yanayoandikwa na akaunti ni ya nani, na transfoma ya kitongoji chao iko kwenye mchoro wa mradi upi. Hilo la mwisho waliulize mbele ya mkutano wa kijiji, kwa sauti, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.